Fagaa Hazingoji Eda

Jumapili, 11 Februari

Nimeamka, nimesali, nimekunywa kahawa bila tende. Tende zinanikwama siku hizi. Jesca, Mganda anayenisaidia kazi, kapiga deki sebule ambayo haijachafuka. Jana kaipiga vilevile. Humu ndani hapana wa kuchafua.

Baada ya Alasiri kaja Rukia. Wifi yangu, dada wa marehemu, na sasa askari wa eda yangu. Kila siku yupo, hakosi. Anakaa kwenye kiti kile kile, mguu wake mbovu kaunyoosha, ananikagua: sijatia wanja, sijatia hina, sijavaa ua. Leo kaingia bafuni kunawa mikono, katoka na sabuni yangu. Ina harufu ya waridi, kasema, mwenye eda haogei waridi. Kampa Jesca akaitupe. Sabuni ya watu, nzima! Nikanyamaza. Nimechoka kunyamaza.

Kwenye mkoba wake alikuwa na habari vilevile. Fagaa zishaingia sokoni.

Uyoga wa jangwani huo, unakaa chini ya mchanga kama kiazi, hauna shina wala mwavuli. Miaka yote mimi naziona fagaa mchangani kabla soko halijaziona. Mwaka huu naletewa habari zake kwenye kiti, kama mgeni.

Eda yangu inakwisha tarehe tisa Machi. Said, mwanangu, kaitia kwenye simu yake siku ile ile tuliyomzika baba yake, na sote tunaifuata simu ya Said. Fagaa hazifuati simu. Joto likishika zinaingia funza, zinakauka, basi mpaka mwaka mwengine. Nnataka kwenda jangwani, nyuma ya mji wa Adam, kuzitafuta kabla hazijakwisha. Sina jengine nnalolitaka duniani. Nishaliandika.

Jumanne, 13 Februari

Mwaka huu zitakuwa nzuri. Mvua ilinyesha siku za matanga, na radi, wanaume wakahamisha majamvi mbio kutoka uani. Mabedui husema fagaa zinazaliwa na radi. Nasor, marehemu mume wangu, akiisikia radi tu alikuwa ananigusa bega. Mara hii ilipopiga hakunigusa mtu.

Alizaliwa Unguja kama mimi, mtoto wa mjini, mchanga alioujua yeye ni wa kuchezea mpira. Rafiki yake wa kazini, Mbedui, akampeleka jangwani mara moja, akarudi na wazimu. Akaninunulia viatu vya kamba. Mwaka wa kwanza nilikaa garini nimenuna. Wa pili nikashuka. Wa tatu nikaanza kuona.

Maana fagaa kwanza zinaonwa, ndo ziokotwe. Kuna kimmea kidogo cha maua ya manjano. Karibu nacho mchanga unavimba kidogo na kupasuka, kama mkate uliokolea moto. Jua liwe chini bado, ndo kivimbe kitoe kivuli. Nasor hakuwa na jicho hilo. Alikuwa akizikanyaga. Yeye alikuwa na gari, ndoo na mdomo. Msikitini, harusini, kote ni "fagaa za Nasor, fagaa za Nasor." Nami nikicheka kimoyomoyo. Ilikuwa siri yetu wawili, na ilinistarehesha kuliko sifa.

Leo binamu zake wamepiga simu kunipa pole tena. Wakasema mwaka huu hatuli fagaa, mwenyewe kaondoka. Mwenyewe! Mwenyewe nimekaa hapa, nimevaa gauni la eda, nnakunakuna vidole.

Ijumaa, 16 Februari

Said kaja na mkewe na watoto. Wamekula, wamelala, wamekwenda zao. Wajukuu wanazungumza Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili chao kwangu ni "ndiyo bibi" na "asante bibi", basi.

Said anataka kwenda fagaa Ijumaa ijayo na wenzake wa kazini. Kanitolea simu nimwoneshe kwenye ramani alipokuwa akienda baba yake. Nikamwambia ramani siijui. Na kweli siijui. Nnajua gari linaiacha lami wapi, nnaijua migunga mitatu ya mkono wa kulia, nnapajua pale Nasor alipokuwa akisema tumepotea, na hatujapotea. Lakini hata ramani ningeijua singemwonesha. Aende na watu wanaopiga picha kila kitu, kesho yake Maskati nzima iko pale na majembe.

Nikamwambia nipeleke wewe, mie na wewe, tarehe tisa. Kasema, "Inshaallah mama." Inshaallah hiyo nnaijua. Ni ya kunifungia mlango.

Jumatatu, 19 Februari

Joto. Jesca kawasha kiyoyozi, Februari hii! Nimemwambia akizime. Kama vile nikizima mimi hapa mtaani Hail, jangwa litapoa.

Rukia kaja, kakaa, kaondoka. Nilimuuliza, kwa mzaha, kama mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja. Kasema ndiyo, kwa haja. Kisha kanitazama. "Fagaa haja, wifi?"

Nikamwambia nnauliza tu.

Alkhamisi, 22 Februari

Jesca kanisimulia uyoga wa kwao. Mvua ikinyesha unaota kwenye vichuguu vya mchwa. Bibi yake alikuwa na kichuguu chake, anakwenda peke yake alfajiri, haoneshi hata mkwe. "Mama, kwetu mtu anaweza kukuonyesha shamba, anakuonyesha ng'ombe, lakini pahali ya uyoga? Hapana!"

Nikacheka. Nikajishika mdomo, nikatazama mlango, kama Rukia yupo. Nimekuwa mtoto.

Nikamuuliza bibi yake yu hai. Kasema kafariki, na uyoga wa kichuguu kile hakuna aliyeupata tena. Wewe hukuutafuta? Kasema alikuwa kishapanda ndege kuja huku. Kisha kaniuliza nipikiwe nini, nikasema chochote, hakuna mlaji humu.

Jumamosi, 24 Februari

Said karudi jana mikono mitupu. Kanitumia picha: moto, birika la chai, wanaume wazima na miwani ya jua, ndoo haina kitu. Nilifurahi. Astaghfirullah, nilifurahi. Halafu ukaja ujumbe wa sauti. "Mama, mchanga mkavu kabisa, mwaka huu zishakwisha, usijitie hamu." Furaha ikanitoka yote.

Baada ya Magharibi nikapanda juu kuanua nguo. Mwezi ulikuwa ukitoka nyuma ya mapaa ya majirani, mzima, una wekundu. Nikasimama na shuka mkononi. Siku tuliyomzika Nasor ulikuwa mwezi kama huu. Said alisema makaburini hawakuwasha taa, mwezi uliwatosha.

Mpevu ule. Mpevu huu. Nikahesabu kwa vidole, hapo hapo juu: Mfungo Saba, Mfungo Nane, Mfungo Tisa, Rajabu, Shaabani. Nikarudia. Miezi minne imetimia leo. Zimebaki siku kumi.

Eda ni miezi minne na siku kumi, na mwezi wa eda ni huu wa mbinguni, si wa simu ya Said. Mtoto wa chuo cha Kurani Unguja analijua hili kabla hajang'oa meno ya utoto. Na sisi watu wazima, na tasbihi zetu, tumekaa tunafuata tarehe za Kizungu! Said katia, Rukia kakubali, mimi nimekubali. Nilikuwa nimefiwa, sikuwa na akili ya kuhesabu. Nnatoka Jumanne ya tarehe tano. Siku nne kabla. Kwa mtu si kitu. Kwa fagaa ni umri.

Jumapili, 25 Februari

Kwa mara ya kwanza nilimngoja Rukia kwa hamu. Nikamwambia kabla hajavua viatu.

Kakasirika. Kasema nnatafuta njia ya mkato. "Kaka yangu si mtu wa kupunguziwa siku." Neno hilo lilinichoma mpaka kwenye mfupa. Nikamwambia mie sijapunguza, nyinyi ndo mmezidisha, mpigie sheikhe. Kampigia mbele yangu, sauti wazi. Sheikhe kasema kwa mwezi, kwa mwezi bila shaka, nani kakwambieni vyengine?

Rukia kaweka simu. Kakaa. Kisha katoa leso, kalia, na si kidogo. Sikwenda kumbembeleza. Nilikaa nikamtazama. Nilikuwa na hasira bado, na nilishashinda, na kushinda hakukunipa kitu.

Jumatano, 28 Februari

Nimemwomba Said anipeleke Jumatano ya tarehe sita. Hapati ruhusa katikati ya wiki. "Mama, siku chache tu, tena zishakwisha." Basi nipeleke hiyo Jumamosi yako. Kumbe Jumamosi wakwe zake wana shughuli. Hivyo hata tarehe tisa yalikuwa maneno.

Nimeuliza teksi. Dereva anayewapeleka majirani kasema gari lake likiingia mchangani halitoki.

Mimi sikujifunza gari. Nasor alitaka kunifundisha, zaidi ya mara moja. Nikamwambia nnajifunzia nini, nna wewe. Ndo hivyo.

Jumatatu, 4 Machi

Upepo wa moto tangu asubuhi. Nimemtuma Jesca soko la Seeb aniletee fagaa tatu, nizione tu. Nimezikata. Mbili zina funza. Nimezifunga kwenye gazeti nimezitupa, nikaenda kulala. Mchana, mimi! Nimegeuka ukutani. Nimesema basi, Said kasema kweli, na Ramadhani hiyo iko mlangoni, na mwakani sijui nani hai.

Rukia kaja akanikuta hivyo. Simtazami. Nikamsikia jikoni anamhoji Jesca, na Jesca ana mdomo, kamwaga yote: funza, Said, teksi. Rukia karudi, kasimama mlangoni pa chumba.

"Jumatano baada ya Alfajiri uwe tayari. N'takuja na gari la mwanangu, lile la kuingilia mchangani."

"Utaendesha wewe? Na mguu huo?"

"Wa mafuta ni wa kulia. Mbovu wa kushoto. Unalala nini mchana kama mgonjwa? Inuka."

Nikainuka.

Jumanne, 5 Machi

Jua limezama, nimetoka eda. Rukia kaniletea maji ya mkunazi na sabuni mpya. Ya waridi. Kaiweka kwenye beseni. Nimefukizwa udi. Nimetia wanja, ukaniingia jichoni.

Nimejitazama kwenye kioo. Mwanamke mzee. Oktoba sikuwa huyu.

Jumatano, 6 Machi

Nnaandika nimechoka, mchanga mpaka masikioni. Niandike yote.

Jesca hakutaka kuja, jangwa anaambiwa lina majini. Tulikuwa wawili. Rukia anaendesha kama anavyokaa, wima, mikono yote miwili. Tukaipita Nizwa. Hapo ndo akasema, macho mbele, "Wiki ijayo alasiri n'takuwa nafanya nini mie?" Sikumjibu. Nilikuwa nnatazama njia, nnaogopa kuisahau. Nnajuta sikumjibu.

Sikuisahau. Lami tuliiacha pale pale. Migunga mitatu. Pale pa kupotea, hatukupotea. Rukia kaegesha kwenye kivuli, mguu umemvimba, kasema atabaki. Nikaacha kila kitu garini, nikachukua kijiti tu. Jua lilishapanda kuliko nnavyopenda.

Hali mbaya. Kimmea changu kimekauka chote, hakuna hata ua. Alama za magurudumu, mashimo ya watu waliochimba na kuondoka. Nikatembea nimeinama. Kivimbe: jiwe. Kivimbe: shimo la mjusi. Kivimbe: hakuna kitu, macho yangu tu. Nikazunguka na kurudi na kuzunguka. Nikawa nnasema peke yangu kama mwendawazimu, nnasema iwe moja, moja tu inanitosha, niishike mkononi nirudi nyumbani. Haikuwa hata moja. Mgongo ukagoma. Nikapiga magoti penye kibonde kidogo, maji yalisimama hapo wakati wa mvua, na sikupiga kwa kuona kitu, nilipiga kwa kushindwa.

Na kwa kuwa uso ulikuwa chini, nikauona ufa.

Mwembamba. Ungeweza kuuita unywele. Nikachokoa kwa kijiti, pole pole, kisha kwa vidole. Fagaa. Nyeupe, ngumi ya mtoto, nzito, haina tundu hata moja. Pembeni yake nyengine. Na nyengine.

Nikanyanyua kichwa nikaita kwa sauti yangu yote: "Nasor! Lete ndoo!"

Ndivyo nilivyokuwa nikiita miaka yote, nami siku zote nnaiona kwanza na yeye siku zote yuko upande mwengine anakanyaga. Mdomo uliita wenyewe. Jangwa halirudishi sauti. Ilikwenda tu. Nikakaa chini na fagaa mkononi, nikalia. Sijalia hivyo tangu alipoondoka. Nyumbani kila nikifungua mdomo yupo mtu wa kunambia subira, subira. Pale hapakuwa na mtu, nikalia kama ng'ombe.

Nikasikia mlango wa gari. Rukia huyo, anaburuta mguu mchangani, buibui limejaa upepo, ndoo mkononi. Umbali ule, na jua lile. Kafika anahema, kaiweka ndoo mbele yangu.

"Nimesikia unamwita," kasema. "Nikaileta mie."

Hakunambia subira. Kakaa mchangani, mguu kanyoosha, na uso wake umelowa vilevile. Baadaye tukachokoa pamoja kibonde kile. Nikamwonesha ufa, hauoni. Nikamwonesha tena, kaweka mkono juu yake. Nikamwambia ukoo wenu mzima hamna jicho. "Kumbe!" kasema. "Na zile za Nasor?" Nikamwambia za Nasor ni hizi. Kanitazama, kaelewa, kacheka mpaka kashika mbavu. Na mimi nikacheka, kamasi zinanitoka.

Hazikufunika hata chini ya ndoo. Kumi na kitu. Zote nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Jana nimeziosha, maji saba, mchanga wa fagaa hautoki kirahisi. Nimepika za nazi, kama kawaida yangu. Marafiki wa Nasor, Waarabu wa bara ya huku, walikuwa wakishika vichwa, fagaa na nazi! Kisha wanaramba sahani. Nimewapelekea binamu zake kidogo kidogo. Wakauliza za nani hizi. Jesca kajibu kama nilivyomfundisha, kwa jina langu: za Bi Zuwena.

Said kapiga simu. Umezipata wapi, mama? Nikamwambia mchangani.

Leo Jesca kenda kanisani kwao Ruwi, huku nao husali Ijumaa, hurudi jioni. Said yuko kwa wakwe. Nimesali Alasiri. Nimeweka kahawa kwenye jiko. Nikakaa. Nikajikuta nnasikiliza geti.

Hakuna aliyekuja. Eda imekwisha, nishakuwa mzima kwa watu, hapana haja ya kunitazama. Siku zote zile nilimwombea Rukia asije. Kiti kitupu. Sebule safi. Nyumba nzima inanukia nazi. Nilipakua fagaa zilizobaki, nikaziweka mbele yangu, nikashindwa kutia kijiko.

Nikampigia. Nikamwambia wifi, mchuzi umenizidi chumvi, njoo uonje uniambie kama unafaa kuokolewa. Kasema anatafuta buibui lake, nisiumwage.

Nimerudi jikoni, nimeongeza chumvi. Nisiwe muongo siku ya Ijumaa.